Mashine Ishirini za Mzee Kichongeo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Uendeshaji, wakuu wa idara, Mzee wetu Kichongeo uliyekuja na binti yako, wachoraji, mafundi wa sauti, akina mama wa usafi mliopanga viti hivi tangu saa moja asubuhi, ndugu wageni waalikwa: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Ndugu Mkurugenzi ametumia arobaini kusifu uaminifu wangu, kisha akanikabidhi saa ya ukutani ya kuniaga ninapostaafu. Nashukuru kwa saa. Kuhusu uaminifu, naomba niseme kidogo.

Wageni wengi mnazijua katuni zetu, ila jikoni kwetu hamjafika. Mchoraji akishamaliza, kompyuta lazima ikokotoe kila picha, mwanga wake na vivuli vyake, na sekunde moja tu ya filamu ina picha ishirini na nne. Sisi kazi hiyo tunaiita kupika. Chumba cha pili kutoka kwenye ngazi kina kompyuta sitini za kupika, na kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyeamua ipi ipike kazi ya nani. Ndiyo maana mkaniita Mama Foleni. Wapo walionisalimia kwa adabu kuliko wanavyowasalimia wakwe zao, mpaka kazi yao ilipoiva.

Kazi hiyo inaonekana ya kugawa zamu tu. Siyo. Kati ya zile sitini, arobaini ni mpya, na ishirini za karibu na mlango ni kongwe, zenye programu ya zamani. Ukiipa mashine mpya picha moja, na inayofuata ukaipa kongwe, vivuli havifanani. Mtazamaji anaona ukuta unamkonyeza. Kwa hiyo nilikuwa na orodha: mashine hizi za kazi hii, zile za majaribio, na hizi zisiguswe. Orodha hiyo ndiyo niliyoilinda. Sikuwa na cheo kingine.

Sasa nizungumze juu ya Mzee Kichongeo. Mnamjua, mtu asiyetoka nyumbani bila kichongeo cha penseli mfukoni. Miaka sita alichora filamu ya dakika kumi na moja kuhusu mama yake, fundi cherehani aliyelea watoto saba kwa sindano. Mwaka juzi daktari akamwambia kwamba presha ya macho imekwenda mbali, na hana uhakika kama mwaka utaisha akiwa anaona. Mzee hakulia. Alikuja kwenye meza yangu akaniuliza, "Mama, kuipika filamu yangu yote kutachukua muda gani?"

Nikamwambia, "Nikipata mashine ishirini mpya, bila mtu kuzigusa, wiki tano."

Ndugu Mkurugenzi, uliahidi mbele ya watu wote. Ulisema, "Ishirini ni za Mzee mpaka amalize." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Wiki ya pili, mteja wa tangazo la sabuni akataka rangi ya chupa ibadilishwe, na mpya nyingine ishirini zilikuwa tayari na kazi. Ulishuka mwenyewe ngazi, jambo ambalo hukuwa umelifanya tangu kiyoyozi kiwekwe ofisini kwako.

"Dada, fungua zile ishirini."

"Mzee anazitumia, bosi."

"Mzee ni wa nyumbani, atatuelewa. Mteja hatatuelewa."

Nikakataa. Nilikwambia habari ya macho yake, nikakuonyesha orodha, nikakwambia zimebaki siku ishirini na tatu tu. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema taratibu, "Basi mpe shemeji yangu nywila."

Ndugu Mkuu wa Uendeshaji, wewe ndiye shemeji huyo. Ulikuwa na mwezi mmoja kazini. Ulikaa kwenye kiti changu, ukaitazama orodha yangu, ukacheka. "Mashine zote ni mashine," ulisema, ukaifuta. Wapi umejifunza kwamba mashine zote ni mashine? Kufikia saa sita mchana zile ishirini zilikuwa zinapika chupa ya sabuni, na kazi ya Mzee ilikuwa imetapakaa kwenye zile kongwe za mlangoni.

Picha zikatoka. Mkono wa yule mama ukishona, kivuli chake kilirukaruka kama kinamkimbia. Kwenye picha nyingine kitambaa hakikuwepo kabisa, mama anashona hewa. Ilibidi tutupe zote tuanze upya, na chupa ile ilibadilishwa rangi mara nne. Wiki tano zikawa miezi minne. Niliiandika upya orodha kwa kumbukumbu, mashine moja moja, na kila nilipomrudishia Mzee tano, wiki iliyofuata zilichukuliwa tatu.

Filamu iliiva. Siku ya kuionyesha, katika ukumbi huuhuu, nilikaa nyuma ya Mzee na binti yake. Taa zikazimwa. Mzee akamwinamia binti akanong'ona, "Sasa anafanya nini?" Binti akasema, "Anatunga uzi, baba." Halafu tena, "Na sasa?" Dakika kumi na moja nzima. Mkono alioufuta na kuuchora upya mara mia, aliusikia kwa maneno ya mtu mwingine.

Filamu ikapata tuzo, na Ndugu Mkurugenzi ukaipokea. Ulishukuru mfumo wetu mpya wa kugawa kazi. Ukumbi ulipiga makofi, na safari hii mikono yangu ilibaki mapajani.

Mnadhani nimesimama hapa kuwashtaki wakubwa? Hilo nimeshalimaliza, na dada anayechukua kiti changu atajionea mwenyewe. Lakini kuna mmoja hajatajwa. Mzee, siku uliponiuliza kwa nini kazi imekwama, nilikwambia umeme ulikuwa unasumbua. Ukanipa pole. Ukaniambia nisijichoshe. Na kila ulipokutana nami kwenye korido, ukisikia sauti yangu, uliniuliza kama umeme umetulia.

Umeme haukukatika, Mzee. Hata siku moja. Niliambiwa nitoe nywila, nikaitoa. Niliiandika kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, nikasoma mara mbili ili shemeji asikosee herufi. Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kuichana ile karatasi, wakanifukuza, na wakahangaika siku tatu kufungua; siku tatu ulikuwa unazihitaji. Nilifikiria kiinua mgongo changu na kiti changu. Huo ndio uaminifu uliosifiwa hapa kwa dakika arobaini.

Siombi unisamehe mbele za watu, maana hapa utaona haya kukataa. Nitakuja kwako kesho, nibishe hodi, na ukinifukuza nitaondoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wenzangu, mmenisikiliza bila kunikatiza, hata wale mlioanza kutazama viatu vyenu. Kwa hilo nawashukuru nyote. Saa nimeiacha juu ya meza.