Kiwanda cha Jibini na Kodi ya Bima

Lavonne hakuwa na mtaji, hakuwa na mdhamini, wala benki iliyomwamini. Alikuwa na nia tu ya kukifungua upya kiwanda cha jibini cha mji wao. Ndani ya basi la kwenda Madison, makao makuu ya jimbo, aliiandikia kampuni ya bima barua ya kuiomba iwekeze kiwandani, ili nayo ipate punguzo la kodi ambalo sheria ya jimbo inawapa wawekezaji wa aina hiyo. Mzee wa kiti cha jirani, mfugaji wa ng’ombe, akaichungulia bila haya. “Yaani jimbo liwapunguzie kodi matajiri hao ili wawekeze kwenu? Shule zitajengwa kwa pesa gani?”

“Kwa kodi ya wafanyakazi wangu, mzee. Leo hawana kazi, wanalipa nini?”

“Maneno matamu hayo, mwanangu.”

“Jibini ni tamu zaidi.”

Basi likasimama. “Bado napinga,” mzee akanung’unika, “lakini waandikie kwamba maziwa yangu yapo.”

Lavonne akaongeza mstari, akafunga bahasha, akashuka na kuitumbukiza katika sanduku la posta.