Risala ya Wanafunzi wa Alhamisi Kuhusu Nafasi ya Hospitali

Mgeni rasmi, Rabi Hadassa Löwenthal, uliye mwenyekiti wa kamati ya kutupangia kazi, walimu wetu, na wenzetu wote:

KARIBU
Karibu Finchley, na pole kwa mvua. Utuwie radhi kwa vikombe vya karatasi. Wa Orthodox, wa Masorti na wa Reform hatujaafikiana bado kuhusu vyombo vipi ni halali kulia.

TULIKOTOKA
Tuko kumi na tisa, marabi wanafunzi wa madhehebu hayo matatu. Miaka minne tumekutana kila Alhamisi tukibishana mpaka koo zinakauka. Wengi wetu wanataka mimbari. Watatu wanataka kufundisha watoto, akiwamo Gidon Abensur anayekusomea risala hii. Aliyeomba kukaa na wagonjwa ni mmoja tu, Perel Wijnberg.

KINACHOTUUMA
Mwezi wa Machi Perel alitumwa kumhani mjane mmoja, liwe zoezi lake la mwaka. Kwetu Wayahudi, aliyekwenda kuhani hafungui mdomo mpaka mfiwa aanze. Mjane hakuanza. Perel akaketi naye kimya saa moja na nusu. Aliporudi tulimcheka.

"We Perel, saa nzima hata pole hukusema?"

"Mfiwa hajasema, mie nianzeje? Alinishika mkono tu, nami nikauacha hapo hapo."

Kwenye fomu yenu, penye swali la maneno ya faraja aliyoyasema, aliandika ukweli: hakuna. Kamati ikampa sifuri, na nafasi ya hospitali akapewa mwingine. Mheshimiwa, kwa heshima zote, desturi hiyo mlitufundisha ninyi wenyewe. Imetuuma sana.

Mjane yule ameshapiga simu mara tano. "Mleteni yule binti asiyenisumbua," husema.

OMBI
Tunaomba Perel apewe hospitali. Wagonjwa wa kule ni wa madhehebu yote, na katika hili hatukubishana hata dakika moja. Saini ziko kumi na nane. Perel hatukumwambia, ameketi mstari wa nyuma, na tafadhali usigeuke upesi, ana haya.

Tunajua utauliza yule aliyekwisha kupewa nafasi atakwenda wapi. Ndiye huyu anayekusomea. Maneno yake ya faraja yalijaza kurasa mbili, na mfiwa wake alisinzia. Barua yenu ya uteuzi hii hapa, anaiweka mbele yako. Anairudisha kwa moyo mweupe.

Mungu akuweke hadi miaka mia na ishirini, wewe na wote uwapendao, na awape wagonjwa wetu mtu wa kukaa nao. Amina.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Alhamisi, Finchley