Beldina Aoko Omenda, Aliyepika Rangi ya Strungi

Marehemu Beldina Aoko Omenda alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai karibu na Kapsoit. Wazazi wake, marehemu Joab Ogweno na marehemu Dorcus Atieno, walikuwa wamehama kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi. Mamake alikuwa akisimulia kwamba asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mkunga akabisha hodi nyumba tatu za watu wengine kabla ya kufika kwao.

Alisoma katika shule ya msingi ya shambani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1982, kisha akajifunza ushonaji mjini Kericho. Hakuwa na cherehani, kwa hivyo mwaka wa 1987 alishika kikapu na kuanza kuchuma chai. Utomvu wa majani ulimwachia vidoleni doa la kahawia ambalo hakuna sabuni iliyoliweza.

Desemba 1989 alifunga ndoa na Seth Omenda, fundi wa mitambo kiwandani. Alikataa kuvaa glavu. Mama mkwe aliviangalia vile vidole, akamnong'oneza mwanawe, "Seth, huyu bibi harusi hajanawa?"

"Amenawa, mama. Hiyo ni chai."

"Haya. Basi itakukolea."

Mwaka wa 2012 mashine za kuchuma zilifika, na Beldina akaachishwa kazi. Alifungua kibanda cha ushonaji Kapsoit. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza: kitu ambacho kimekataa kutoka vidoleni miaka yote hii, kitatokaje kwenye pamba? Rafiki yake Fancy Chepngeno, mkulima wa Boito, alimletea majani magumu yaliyokataliwa kwenye kituo cha kununulia chai, wakayachemsha pamoja na kitambaa. Sufuria ya kwanza ilitoa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Mara ya pili walipikia kwenye debe lenye kutu, na kitambaa kikatoka cha kijivu, kama kilima ambacho ukungu unakifunika na kukifunua. Fancy alitaka kukitupa. Beldina alikianika, akaketi chini yake akikitazama mpaka kikakauka. Kuanzia siku hiyo misumari yenye kutu iliingia sufuriani kwa makusudi.

Wanawake wengine walijiunga nao. Walitumia pamba isiyopaushwa na vifungo vya pembe za ng'ombe, na maji yaliyobaki yakipoa waliyamwagia sukuma wiki. Aliyepita Kapsoit asubuhi aliona magauni yakielea kwenye ukungu bila kamba wala mtu.

Mwaka wa 2021 duka moja la Nairobi liliagiza magauni mengi, yote ya buluu moja isiyopishana. Chai haitoi buluu. Fancy akaleta unga wa rangi kutoka dukani.

"Hii maji ikishatumika inaenda wapi?" Beldina akauliza.

"Inaenda chini, Mama Molly, kama maji yote."

"Huko chini si ndiko watu wanachota?"

Fancy aliondoka na nusu ya wanawake, akaifanya kazi hiyo kwake Boito. Marafiki hao hawakusemezana kwa zaidi ya miaka mitatu. Fancy mwenyewe ameruhusu jambo hili lisomwe leo.

Agosti 2024 Beldina aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa mjini Kericho, na baadaye nyumbani. Hakulalamikia maumivu. Kilichomsumbua ni kwamba mikono yake ingeondoka na kazi yake: Molly, bintiye, alikuwa mbali Nakuru, na mtu pekee aliyejua kuisoma sufuria kwa macho alikuwa Fancy.

Februari mwaka huu Fancy alikuja. Alisimama mlangoni.

"Mama Molly, ndama yangu imerudi kutoka mtoni na mdomo wa buluu."

Beldina alicheka mpaka akakohoa. "Imependeza?"

"Usinicheke. Hiyo unga imebaki nimefunga kwa debe. Sijui hata nipeleke wapi."

"Ah. Sasa umeanza kupika. Ingia."

Kuanzia siku hiyo Fancy alipika uani, na Beldina alimwelekeza kutoka dirishani, na sauti ilipoisha, akatumia kidole.

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, mvua ya alasiri ilipoanza, Seth alitoka kuanua vitambaa. Aliporudi navyo mikononi, mkewe alikuwa ametutoka, akiwa na umri wa miaka 57.

Ameacha mume wake Seth, watoto wake Clifford na Molly, mkwe wake Dolphine, wajukuu wawili, dada yake Gesare wa Merigi, na Fancy Chepngeno, ambaye familia imeomba aketi nao leo.

Bwana ampe Beldina pumziko jema, naye alale salama katika udongo wa Kapsoit.

Jumatatu, tarehe 21 Julai, Fancy atafungua tena kibanda cha Beldina. Molly amechukua likizo, naye atakuwa hapo kujifunza.