Mfereji Uliong'aa Kijani

Masalkheri, kina mama. Nyinyi mliokaa kule nyuma sogeeni, sauti yangu si ya kipaza.

Nyote mwanijua. Harusi za hapa Mji wa Kale, nyingi mmekula kwa mkono wangu. Basi ndugu zangu, nawaambia, mimi mpishi wa biriani nilifika pahali nikinusa samli najikunja. Maumivu hapa, chini ya mbavu za kulia, yapanda mpaka begani. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Nikanywa tangawizi, nikanywa habasoda, wapi. Mwisho nikaanguka sokoni Marikiti nikichagua vitunguu, wachukuzi wakanipeleka hospitali kwa mkokoteni, magunia ya viazi ubavuni. Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka.

Picha zikaonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na chenyewe kimevimba. Nikaambiwa kitatolewa kwa vitundu vidogo vya tumboni, kwa kamera. Nikakataa katakata. Maini ya mbuzi nimeyasafisha tangu usichana wangu. Najua kifuko kile kinavyonata kwenye ini, na ukikosea kisu nyama yote chungu. Na kuna jirani, simtaji, alipotolewa kifuko kama hicho alikatwa mfereji wa nyongo usiokuwa wenyewe. Alirudi nyumbani macho manjano kama bizari, akateseka sana. Niliogopa kufa, sifichi.

Daktari wangu, mwanamke makamo ya binti yangu, hakunikaripia. Nikamwuliza, "Mwanangu, na uvimbe wote huo, utajuaje cha kukata na cha kuacha?"

"Swali zuri, mama. Tutakudunga dawa ya rangi mshipani. Ini huichukua, likaimwaga pamoja na nyongo. Tukiwasha taa yake maalumu, mifereji ya nyongo hung'aa kijani kwenye kioo."

"Ing'ae ndani yangu mimi?"

"Ndani yako, mama. Na nikiwa na shaka, nitasimama."

Hilo "nitasimama" ndilo lililonilainisha. Nikakubali.

Nilipopata nafuu alinionyesha picha. Subhanallah, kweusi tupu, na katikati uzi wa kijani umelala. Akaugusa kwa kidole. "Huu ndio mfereji wako mkuu, mama. Uvimbe ulikuwa umeuvuta ukagandana na kifuko. Kwa taa ya kawaida nilidhani ni shina la kifuko, lile la kukatwa, na mkasi nilikuwa nimeshauelekeza. Nikawasha ile taa, nikarudisha mkono." Nililia mbele yake bila haya.

Namshukuru mume wangu, aliyenipikia uji na kuuunguza kila siku. Nawashukuru wachukuzi, wauguzi, na nyinyi mlionijia kwa zamu. Mkienda hospitali msione haya kuuliza: ndani utaonaje? Daktari mwema haudhiki. Si kila pahali wana taa ile, nayo peke yake haimponyi mtu. Baada ya Mungu, sifa nampa binti yule. Kazi yake aijua vizuri, na bado aliangalia tena. Kwa kule kuangalia tena, mimi niko hapa.