Zenon Pacholczyk, Fundi Aliyeanzia Nje

Hebu tuulizane kabla sijaikunjua karatasi hii: nani kati yenu mliokaa humu kanisani ana shati, gauni au shuka ambalo halijawahi kukaushwa na mashine iliyopita mikononi mwa huyu mzee aliyelala mbele yetu? Namwona Bi Trudy ameinua mkono, lakini Bi Trudy huanika nguo kwenye kamba hata theluji ikianguka, kwa hiyo huyo tunamwacha.

Marehemu Zenon Pacholczyk alizaliwa tarehe 11 Machi 1941, hapa hapa Buffalo, upande wa mashariki, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Walenty, aliyefanya kazi kwenye tanuri la chuma, na mama Apolonia, aliyewafulia mapadre wa parokia na kuzianika kanzu zao jikoni majira yote ya baridi, hata watoto wakawa wanakunywa supu chini ya matone ya maji matakatifu, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1947 hadi 1955, ambako masista walimfundisha hesabu, Kipolandi na kuiogopa rula, kisha akaingia shule ya ufundi na kuhitimu Juni 1959. Shahada hakuwa nayo, na katika miaka themanini na mitatu hakukaa hata wiki moja bila kazi, jambo ambalo sisi wajukuu wake, wenye vyeti vizuri ukutani na mifuko inayopiga mluzi, tunalitafakari bila kufurahi.

Tarehe 8 Septemba 1959 aliajiriwa na mzee Feliks Majka, fundi wa mashine za kukaushia nguo zinazotumia gesi, na huko ndiko alikojifunza kanuni aliyoishi nayo, kwamba fundi haigusi mashine kabla ya kuzunguka nyuma ya nyumba, kulitafuta tundu linakotokea bomba, na kuweka kiganja chake pale kuona kama hewa ya moto inatoka. Wenye nyumba walimpigia kelele dirishani, "Wewe fundi, mashine iko huku chini, unatafuta nini uani kwangu?" naye akajibu bila haraka, "Natafuta pumzi yake, mama," na mara saba katika kumi ugonjwa aliukuta hapo hapo nje, kiota cha ndege, barafu, au nyuzi za nguo zilizoshikamana kama godoro. Alipoingia ndani alipiga magoti, akasikiliza, kwanza mlio mdogo, kisha kiwashio kiwe chekundu, kisha gesi ishike moto kwa mvumo mmoja, na kiwashio kikiwaka kikazimika bila moto kufuata, alijua ni koili za valvu, zile zinazoifungulia gesi njia, zimechoka, wala hakumuuzia mtu mashine mpya. Kila kiungo cha gesi alikipaka maji ya sabuni akatazama kama kuna povu, na aliyemwona na kiberiti mkononi karibu na bomba alimfukuza chumbani, awe mwenye nyumba au askofu.

Kuhusu ndoa, tarehe 19 Novemba 1963 aliitwa nyumbani kwa familia ya Sobczak, ambako watu wote watano walikuwa wakiumwa kichwa tangu baridi ianze, na mama mwenye nyumba akilaumu kabichi. Marehemu alizunguka nje, akaweka kiganja, hakuna kitu, akashuka chini akakuta bomba limechomolewa ukutani na mdomoni mwake kumevalishwa soksi ndefu ya kike ya nailoni, ili kukamata nyuzi na joto libaki ndani, ujanja ambao nyinyi nyote mnaujua na nusu yenu mmeufanya, msiangalie chini. "Gesi nimeilipia mimi," alisema mama Sobczak, "kwa nini niwapashe joto ndege wa nje?" Marehemu akamjibu, "Mama, joto hili limebeba moshi usioonekana wala kunuka, utakulaza usingizi wa kuamshwa na tarumbeta ya malaika." Hapo binti wa miaka kumi na tisa, Leokadia, akashuka ngazi akiwa na hasira, si ya moshi: "Kumbe soksi yangu iko huku! Mama, Jumapili nimeenda misa na mguu mmoja mtupu!" Marehemu alirudisha bomba mahali pake, vichwa vikapona, na wiki iliyofuata akarudi eti kukagua, na iliyofuata tena, mpaka baba mkwe akamwambia, "Kijana, mashine ni nzima, sema unachokitaka." Walifunga ndoa tarehe 2 Mei 1964, wakajaliwa watoto wawili, Raymond na Krystyna, na wajukuu watano, na tangu mwaka huo hadi uzee, kila Oktoba alipita nyumba kwa nyumba akivua soksi mabombani, bila kuitwa.

Mwaka 1974 alianzisha karakana yake, na katika ile theluji kubwa ya Januari 1977 alitembea mtaa hadi mtaa na koleo, akifukua matundu ya watu. Alistaafu mwaka 2009, na Aprili 2012 yeye na mama Leokadia walihamia jengo la Ferncliff, lenye familia kumi na mbili na mashine tatu za gesi chumba cha chini, ambazo bomba lao la pamoja lina urefu wa futi thelathini na sita, lina kona nne, na limefunikwa nyuma ya ukuta. Bomba hilo marehemu alilisafisha kwa brashi yake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, miaka kumi na miwili, na mwaka 2019 fyuzi ya joto, ile inayokata moto bomba likiziba, ilipoungua mara tatu, mtu wa mwenye jengo aliiruka kwa kuunganisha waya, na marehemu akaukata waya huo, akaweka fyuzi mpya, akaandika barua nne. Mwenye jengo, Bwana Gerald Ostrander, alimjibu ngazini mbele ya majirani, "Mzee Zenon, si zinakausha? Tatizo liko wapi?" Marehemu akasema, "Zinakausha kwa sababu mimi bado napumua."

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2024. Tarehe 7 Desemba alilisafisha bomba kwa mara ya mwisho, akalazwa siku mbili baadaye, na wodini hakulalamikia kitu isipokuwa shuka zilizonukia unyevunyevu, akamwomba nesi amwoneshe zinakokaushiwa. Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake mkononi mwa mama Leokadia, ameridhika, ameshiba siku.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali kumpeleka kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha kufulia, majirani wa Ferncliff walioleta supu na pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kujazwa viazi, mpaka friji ikakataa kufunga, na mafundi wenzake waliokuja wamevaa sare za kazi. Lala kwa utulivu, dziadzia, babu yetu, kazi yako imeonekana.

Imebaki neno moja, na ni lako, Bwana Ostrander, uliyekaa benchi la nyuma, shada lako ni zuri na tumeliona. Jumamosi ya tarehe 4 Januari hakuna aliyelisafisha bomba. Shati jeupe alilovaa marehemu lilizungushwa kwenye mashine yako mara mbili juzi, likatoka bado bichi, tukalimalizia kwa pasi, na leo usiku mjane wake anarudi kulala juu ya mashine hizo pamoja na familia kumi na moja. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi vunja ukuta huo, weka bomba jipya, fupi, lililonyooka hadi nje, na mpaka litakapokamilika funga gesi ya mashine zote tatu. Na kabla hatujashuka ukumbini kula, simama hapo ulipo, uwaambie watu hawa wote kama utafanya.