Kichwa cha Treni Kilichotoka Maabara ya Meno

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza meno ya watu wengine, fundi mkuu wa maabara yetu ya meno ya bandia hapa hospitalini anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Bi Tabasamu. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita hivyo hivyo, ingawa tunajua kwamba asubuhi, kabla hajanywa chai, jina hilo halimfai hata kidogo.

Alianza kama msaidizi wa kukoroga plasta katika kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja na sinki linaloziba kila mara. Akapanda polepole: plasta, nta, kupanga meno, kung'arisha, hadi akakabidhiwa maabara nzima. Watu walioingia hapa wakificha midomo kwa viganja walitoka wakicheka. Bibi mmoja alirudi kulalamika kwamba meno mapya yamempendeza kupita kiasi, na sasa wakwe zake wanadhani ana mchumba. Bi Tabasamu alimjibu kwamba kwa hilo hospitali haina dawa.

Lakini ukiuliza habari zake katika jengo hili, kuanzia mapokezi hadi jikoni, utaambiwa kwanza kuhusu treni. Basi na tuieleze vizuri, maana kila mtu anaisimulia kivyake, na wengine wameitia chumvi mpaka hailiki.

Bi Tabasamu alilelewa na kaka yake. Wazazi wao walipofariki, yeye akiwa bado shule ya msingi, kaka aliacha masomo akaajiriwa katika mashamba ya kiwanda cha sukari. Aliendesha treni ndogo ya dizeli, ile ya reli nyembamba inayopenya katikati ya miwa na kuvuta mabehewa hadi kiwandani. Kwa kazi hiyo alimsomesha mdogo wake hadi chuo. Baadaye kiwanda kiliamua kutumia malori. Reli ziling'olewa, na kile kichwa cha treni kikakatwakatwa, kikauzwa kama chuma chakavu. Hakuna aliyekuwa amekipiga picha. Nani hupiga picha kitu anachokiona kila siku?

Uzeeni, presha ya macho ilimpofusha kaka. Bi Tabasamu akamchukua, wakaishi pamoja. Tangu ujana kaka hakuwa msemaji sana, lakini sasa ukimya ulimmeza mzima. Alikula alichopewa, akaitikia salamu, kisha akarudi kwenye kiti chake kando ya redio ambayo hakuiwasha. Dada yake alijaribu kila njia: matembezi, wageni, hata kumsomea magazeti. Kaka alishukuru kwa kila kimoja, na hakuna kilichosaidia. Siku moja wakati wa chai Bi Tabasamu alituambia kwamba analala nyumba moja na kaka yake, na bado anamkumbuka kama mtu aliye safarini.

Siku hiyo hiyo, akiwa anachonga nta, wazo likamjia. Macho yamekwenda, lakini mikono ipo. Angemtengenezea kile kichwa cha treni, kidogo kiasi cha kukaa mapajani, apate kukishika.

Kuhusu treni hakujua lolote. Alichojua ni kuchonga, kukata na kulehemu vitu vidogo. Aliomba ruhusa ya kutumia zana za maabara baada ya saa za kazi, na mkuu wa idara akakubali kwa sharti kwamba vifaa anunue mwenyewe na meno ya wagonjwa yasichelewe. Hayakuchelewa. Magurudumu aliyachonga kwa nta, akayafunika kwa plasta maalumu, akaiyeyusha nta ikatoka, kisha akamimina shaba mahali pake, kama tunavyofanya tunapotengeneza fremu za meno. Bodi alilitengeneza kwa plastiki tunayotumia kwa ufizi. Kwa hiyo treni ya kwanza ilikuwa na rangi ya fizi, na mhudumu wa usafi alipoikuta mezani alikuja kutuuliza kwa upole ni mgonjwa gani mwenye mdomo wa namna ile.

Jumapili moja alimwekea kaka yake mikononi bila kumwambia ni nini. Vidole vya mzee vilipita juu ya boneti, vikashuka hadi magurudumu, vikapanda tena, vikasimama mlangoni. Bi Tabasamu anasema hata siku ya mtihani wa mwisho wa chuo hakuogopa vile.

"Ni treni," kaka akasema. "Nzuri. Lakini siyo ile yangu. Mlango huu mtu anapita amesimama. Mimi nilikuwa naingia nimeinama, ndiyo maana mgongo umekuwa hivi."

Alisema kweli. Dada aliitengeneza kama alivyoikumbuka, na aliikumbuka kwa macho ya mtoto aliyesimama kando ya reli akimpungia kaka yake mkono. Kwa mtoto huyo treni ilikuwa kama ghorofa. Kaka akaanza kueleza: ngazi zilikuwa mbili, si tatu. Bomba la moshi lilikaa kushoto, na lilikuwa limebonyea tangu siku lilipogongwa na tawi. Boneti ilikuwa fupi, imejaa matundu ya kupitisha hewa, na asubuhi za baridi vibarua walikuja kupasha mikono joto hapo. Aliongea mpaka chakula kikapoa. Dada alikuwa ametoa zawadi, akapata kazi ya kuanza upya, na siku iliyofuata aliingia kazini akiimba.

Kwa kuwa hapakuwa na mchoro wala picha, ilibidi wapime mwili wa dereva. Walifanya hivyo sebuleni. Kaka alikaa kwenye kiti cha jikoni, meza ikiwa boneti mbele yake. Akainua kiwiko hadi pale kilipokuwa kikiegemea dirishani, dada akapima. Akanyoosha mkono kushika breki, ambayo siku hiyo ilikuwa mpini wa ufagio uliofungwa kwenye stuli, dada akapima tena. Upana wa reli ulikuwa viatu vyake viwili, kisigino kwa ncha. Aliwahi kuupima hivyo akisubiri miwa ipakiwe. Jirani aliyekuja kuazima pasi alimkuta mzee kipofu anaendesha meza, akaondoka bila pasi.

Treni ya pili ilijengwa kwa bati na shaba, na ilichukua karibu miaka miwili. Kila kipande kilikwenda nyumbani ndani ya mkebe wa chakula, na kesho yake kikarudi na masahihisho. Lakini tulianza kuona jambo la ajabu. Mwanamke huyu anayepanga meno hata mume wa mgonjwa asijue yapi ni ya asili, alianza kukosea vitu vya wazi. Ngazi aliiweka upande usio wake. Taa ya mbele aliipachika kichwa chini. Tulipomuuliza alisema ni uzee, akarudi kwenye tupa yake.

Mota ilitoka kwenye printa mbovu ya ofisi. Reli tulizitandaza juu ya ile meza ndefu ya maabara, kutoka sinki hadi mlangoni, na siku ya majaribio kaka mwenyewe akaja. Hakuwa ametoka nyumbani kwa hiari yake tangu apofuke. Bi Tabasamu akawasha. Magurudumu yakazunguka, treni ikabaki pale pale. Akaizima, akaiwasha tena, ikawa vile vile.

Kaka akaomba apewe. Akaipima uzito kiganjani, akasema tatizo ni wepesi tu. Ile yake ilikuwa na vipande vizito vya chuma chini ya sakafu, bila hivyo isingevuta hata mkokoteni. Tukakusanya mabaki ya fremu za meno, tukayashindilia chini ya kiti cha dereva. Safari hii treni ilitetemeka kidogo, kisha ikaondoka. Kaka aliweka ncha za vidole juu ya paa lake akaenda nayo sambamba, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa meza. Fimbo yake aliiacha imeegemea sinki.

Treni iliposimama akageuka upande aliposimama dada yake.

"Ile ngazi uliikosea makusudi," akasema. "Na taa pia."

Bi Tabasamu akajifanya anafuta vumbi kwenye reli.

"Nilikuacha tu. Nilikuwa nasikia raha kukusahihisha."

Wote wawili walicheka mpaka ikabidi wakae chini, na sisi wengine ghafla tukakumbuka kazi za kufanya vyumba vingine.

Leo redio ya mzee inawaka. Yeye na yule jirani wa pasi huenda kwa muuza vyuma chakavu, ambako huchagua shaba kwa kuigongagonga na kuisikiliza. Ametangaza kwamba kichwa cha treni bila mabehewa ni aibu, na kwamba mabehewa ya miwa yalikuwa mengi. Fundi amekwishapatikana, na kuanzia mwezi wa saba hatakuwa na kisingizio cha kazi.

Bi Tabasamu, ahsante kwa kila mdomo ulioufungua, na kwa mafundi uliowafundisha kwamba kitu kikikataa kukaa sawa, hukiachi, unakipima upya. Maabara umeiacha mikononi mwa watu uliowapika mwenyewe, na sinki tutalizibua. Tunakutakia afya njema, macho makali na siku nyingi za furaha. Pumzika sasa, kwa kadiri kaka atakavyokuruhusu.