Chumba Kinapangishwa, Kasoro Zimo

Benchi lile ni mbao mbili juu ya matofali, na wanaolikalia wamelipa umbo. Upande wa Dalali limebonyea, upande wa Fundi Bomba limeteleza kama sabuni, na katikati, anapokaa Takwimu, msumari umechomoza, ila hajawahi kuhama. Kahawa anauza Mama Watatu, nje ya nyumba yake. Siku hiyo alishika birika mkono mmoja na kipande cha katoni na kalamu mkono mwingine, kwa sababu chumba kimoja cha nyumba yake kilikuwa tupu. Wapangaji watatu walikuwa wamekikimbia tangu mwaka uanze, na mumewe, anayefanya kazi mbali, alikuwa amepiga simu: ikifika Jumamosi hakuna mtu, mdogo wake ahamie humo. Mama Watatu alimjua huyo shemeji. Kila alikoingia “kwa wiki moja tu”, aliyehama mwisho wake alikuwa mwenyeji.

— Safari hii naandika mwenyewe, na naandika ukweli, akasema. Bafu ni la pamoja. Mlango wake hauna komeo.

— Weka kalamu chini, dada yangu, akadaka Dalali, ambaye ndiye aliyeandika matangazo matatu yaliyotangulia. Ukweli hauandikwi, unagunduliwa. Andika: “bafu lisilo na vizuizi.”

— Wewe si ndiye uliyeandika “chumba kipana”? Yule kijana akaja na kitanda chake, kikagoma mlangoni. Siku tatu kimekaa koridoni, wanangu wanakipita kiubavu kama kaa!

— Nilisema kipana. Sikusema kwa nani.

— Halafu bafu bila komeo lina ubaya gani? Fundi Bomba akauliza. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Wahenga hawakuwahi kuchangia bafu na wewe.

Mama Watatu akaandika mstari wa pili, akiusoma kwa sauti: bomba la jikoni linavuja. Fundi Bomba akajiweka sawa, maana bomba hilo alilitengeneza yeye, tena mara mbili.

— Halivuji. Linadondosha. Tega bakuli hapo chini, haba na haba hujaza kibaba. Mpangaji anaamka, maji yameshatekwa. Hiyo ni huduma, Mama Watatu, usiitie doa.

— Mnabishana bure, akasema Takwimu. Asilimia themanini na mbili ya watu hawavuki mstari wa pili. Sifa ziweke juu, kasoro zianzie wa tatu. Umesema kweli, na hakuna aliyekusikia.

— Hizo asilimia umezitoa wapi?

— Nimehesabu.

— Lini?

— Nyie mkiongea.

Fundi Bomba akapuliza kahawa yake.

— Mimi naona usiandike kitu. Bandika katoni tupu. Kila apitaye ataona chumba anachokiota.

— Hapana, hapana, geuza! Dalali alikuwa ameshasimama. Andika kina nyoka. Wawili! Paa limeezuliwa, ukuta unanguruma. Mtu anakuja anatetemeka, hakuti nyoka, anakuta bomba tu linadondosha. Atakupigia magoti usimpe mwingine! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki tunakivalisha na viatu.

— Asilimia mia hawaji, akasema Takwimu.

— Watakuja wauza nyoka!

Mama Watatu aliwaongezea kahawa, akaendelea kuandika. Jikoni tunapika kwa zamu. Watoto watatu, mdogo huamka alfajiri na kuimba. Chumba kinaingia kitanda kidogo na mtu mmoja aliyesimama. Kila mstari ulikuwa kama kumwonyesha mgeni sufuria iliyoungua, lakini aliandika.

Akiwa anaandika, jua likielekea kuzama, mwanamke mmoja akasimama mbele ya benchi, begi begani, unga umemganda kwenye nyusi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimeambiwa hapa kuna chumba. Mimi naoka mikate. Naingia kazini saa tisa usiku, kwa hiyo ikifika saa moja jioni nimeshalala.

Mama Watatu akampa katoni. Mgeni aliisoma yote, mpaka mstari wa mwisho. Takwimu akatazama pembeni.

— Komeo nitanunua. Bomba, nimeshakaa na baya zaidi. Mtoto akiimba, mimi nipo kazini. Dirisha la chumba ni lipi?

Mama Watatu akaonyesha. Lilikuwa juu ya kisogo cha Takwimu, kama shibiri mbili hivi.

Mwoka mikate akalitazama dirisha, akalitazama benchi, kisha akawageukia wanaume kwa adabu.

— Na nyie, baba zangu, huwa mnaondoka hapa saa ngapi?

Dalali akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Kuna siku mvua ilinyesha..., Fundi Bomba akaanza, akaishia hapo.

Takwimu, mwenye namba ya kila kitu, aliitafuta hii kwenye vidole vyake, hakuiona.

Mama Watatu akawakumbuka waliohama. Wapangaji watatu, kila mmoja alimuaga kwa maneno yale yale: “nimepata pengine karibu na kazini.” Yeye akalilaumu bomba. Benchi hakuwahi kulihesabu kati ya kasoro, kwa kuwa ndilo lililokuwa likinunua kahawa yake, na mtu hachungulii meno ya ng’ombe anayemkamua. Akaifikiria Jumamosi. Akairudisha katoni magotini.

— Saa kumi na mbili, akasema.

— Asubuhi? Fundi Bomba akauliza, kwa matumaini.

— Jioni. Tunaanza leo.

Akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: CHINI YA DIRISHA KUNA BENCHI LA WABISHI. HUFUNGWA SAA KUMI NA MBILI JIONI. Kisha akainua birika, lililokuwa bado nusu, akaimwaga kahawa yote juu ya makaa ya jiko lake. Moshi ukawapanda usoni.

Mwoka mikate akaingia ndani na begi lake kukitazama chumba. Wale watatu wakasimama mmoja mmoja, wakiangalia huku na huku kama abiria walioshushwa kituo wasichokijua.

— Sasa twende wapi? Dalali akauliza.

— Makwenu, akasema Mama Watatu, na kuanza kukusanya vikombe.